Uganda ukibeba kisu cha kujilinda unaitwa mhalifu, usipobeba shauri yako. Tuambiwe basi sheria inasema nini!

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na naandika nikiwa nayo hivyo hivyo, atakayeona nimekosa adabu anivumilie.

Swali langu ni hili: raia wa kawaida Uganda, asiye na mlinzi wala gari, akitembea usiku na kisu kwenye begi, anavunja sheria au havunji? Nimeuliza askari, nimemuuliza chairman wa LC1 wetu, yaani baraza la kijiji, nimemuuliza kijana wa jirani anayesoma sheria Makerere. Kila mmoja ana lake. Hii ni sheria ya jinai jamani, si utabiri wa mvua.

Kilichonipata ni hiki. Mimi napika rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, karibu na steji ya bodaboda huku Kampala. Kisu changu cha vitunguu na kabeji ni cha mpini wa mbao uliopasuka, nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya bodaboda, na bapa limeliwa na kunolewa mpaka limebaki upana wa kidole. Sikiachi kibandani kwa sababu hapafungiki vizuri. Kila usiku nakiviringisha kwenye gazeti, natia begini pamoja na mti wa kusukumia chapati, naenda zangu nyumbani. Saa tano hivi doria ikanisimamisha, begi likafunguliwa.

"Hiki cha nini?"

"Cha kazi, afande. Na njia hii unaijua, kinanisaidia hata kujilinda."

Basi. Kumbe ningeishia kwenye "cha kazi" ningepita. Hilo la kujilinda ndilo lililonipandisha kabangali, gari la polisi. Kufika kituoni nimeshakuwa "mtu aliyekutwa na silaha usiku". Ule mti wa chapati, ambao ukimshukia mtu kichwani anakwenda chini, hakuna hata mmoja aliyeuulizia!

Ukutani pale kuna bango limeandikwa bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutoka kituoni, ni bure. Chini ya bango hilo hilo nikaombwa elfu hamsini "ya mafuta". Nilipogoma nikatajiwa saa 48 za Katiba kama kitisho, kwamba wana haki ya kunilaza mpaka ziishe. Ibara ya 23 iliweka saa hizo kumlinda anayeshikwa, afikishwe mahakamani kabla hazijapita. Wao wamezigeuza adhabu ya kuanzia. Ndugu zangu walikuja, nikatoka. Sitaki kueleza nilitokaje, mnajua wenyewe.

Nilipotoka nikaanza kusoma, na hasira ikazidi. Penal Code yetu, yaani sheria ya makosa ya jinai, kwa nilivyoisoma, haina kifungu kinachosema wazi "usibebe kisu". Inazungumzia mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Inazungumzia aliyekutwa na silaha ya hatari akiwa na nia ya kuvunja nyumba na kutenda kosa kubwa ndani yake. Angalieni: kutia hofu, nia. Mimi kisu kimelala ndani ya gazeti ndani ya begi, nimemtia nani hofu? Nia yangu wameisomea wapi, kwenye vitunguu?

Halafu kuna lile zoazoa la "rogue and vagabond", yaani uzururaji, la kukuta mtu barabarani usiku na kuamua tu kwamba ana nia mbaya. Mahakama ya Katiba ilikwisha kufuta vipengele hivyo Desemba 2022. Wazee wetu wanaikumbuka panda gari ya enzi za utawala wa pili wa Obote, watu wanasombwa kwanza, maswali baadaye. Karatasi imebadilika, mikono ni ile ile.

Na ukitaka kujisomea mwenyewe, kazi unayo. Sheria zote zilipangwa upya na toleo jipya likaanza kutumika Julai 2024, namba za vifungu zikahama. Wakili mtandaoni anakupa namba, unafungua kitabu kipya unakuta habari nyingine kabisa. Yote hayo kwa Kiingereza cha kikoloni, wakati Katiba tangu 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Askari ananikamata kwa Kiswahili, ananiandikia kwa Kiingereza.

Sasa kuhusu kujihami kwenyewe. Sheria yetu inasema matumizi ya nguvu ya kujilinda yataamuliwa kwa kanuni za sheria ya Uingereza. Maana yake jaji ataangalia kama ulishambuliwa kweli kinyume cha sheria, kama ulikuwa na pa kukimbilia, kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Ukizidisha na mtu akafa, unaweza kuangukia kuua bila kukusudia, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Sibishani na hilo, mtu hawezi kumchoma mwenzake kisu kwa sababu ya simu. Lakini haya yote ni ya baada ya damu kumwagika. Kabla ya hapo, nikiwa natembea tu, kanuni iko wapi?

Na hao Waingereza tuliowaazima kanuni hawakumwacha raia wao abahatishe. Wana sheria ya 1988: kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho, kikizidi hapo, uwe na sababu ya maana, kama kazi yako. Kusema tu "naogopa wezi" hakukuokoi. Ni kali, mimi mwenyewe siipendi, lakini mtu anaijua kabla hajatoka mlangoni. Hapa unaijulia seli.

Najua kuna watakaokuja kusema piga kelele, usitembee usiku, kodi boda. Bodaboda wenyewe wanauawa kwa ajili ya pikipiki zao! Na wale wazee wa Masaka walikuwa wanatembea wapi? Mwaka 2021 wazee zaidi ya 20 walikatwa mapanga kule Masaka na wilaya jirani, wengi wakiwa majumbani mwao, usiku. Walifunga milango, wakalala mapema, walifanya kila mnachotuambia tufanye.

Wakubwa wa nchi hawana shida hii. Mbunge Ibrahim Abiriga alipopigwa risasi Juni 2018, wabunge wakapangiwa ulinzi wa wanajeshi. Supamaketi ina mlinzi na bunduki mlangoni, hadi duka la simu linaye. Bunduki ya raia ina utaratibu wa leseni chini ya Firearms Act, sheria ya silaha ya 1970, mwenye pesa anafuata hatua anapata. Mpika chapati akiwa na kisu cha kabeji ndiye tishio kwa usalama wa taifa.

Sisemi kila mtu atembee na panga. Tukifika huko kila ugomvi wa steji utaishia mortuary, na wanaotupora ndio watakaofurahi kuwa na kisingizio. Ninachotaka ni mstari uandikwe: kisu cha urefu gani, kibebwe vipi, saa ngapi, kwa sababu gani. Na askari aubandike pale pale kando ya bango la bondi.

Kwa sasa kila mtu ananishauri nikisimamishwa tena niseme "cha kazi" na nifunge mdomo. Yaani sheria inayonitaka niwe mkweli kizimbani inanifundisha kudanganya barabarani.

Mawakili mliomo humu, nijibuni mambo mawili, na muweke vifungu kwa namba mpya. Moja, mtu akisema kisu ni cha kazi na pia cha kujilinda, hayo maneno peke yake ni kosa? Pili, kisu changu walikibakiza kaunta na sikupewa karatasi yoyote. Nikidai kwa nani? Nimeazima cha jirani na anakitaka kesho asubuhi.