Nyaraka za zana ya data ya blokucheni kwa ajili ya maajenti: llms.txt, AGENTS.md au MCP?

FundiKodi: Wakuu, habari zenu. Kazini tuna zana ya terminali inayovuta data ya blokucheni. Siku hizi wanaoitumia zaidi ni maajenti wa akili mnemba, si watu. Bosi anataka jibu Ijumaa: tuweke llms.txt (faili ya mwongozo kwenye tovuti), AGENTS.md (faili ya maelekezo kwa ajenti) ndani ya repo, yaani hifadhi ya kodi, au tujenge seva ya MCP (itifaki ya kumuunganisha ajenti na zana)? Naombeni ushauri.

DadaData: Mkuu, hapo hujasema kitu. Blokucheni ipi? Zana mmeandika wenyewe au ya watu? Ajenti anaendesha amri mwenyewe? Nodi (kompyuta inayotunza nakala ya blokucheni) ni yenu au mnalipia?

FundiKodi: Samahani dada. Ethereum. Zana ni cryo ya kampuni ya Paradigm, tumeizungushia skripti zetu. Tunavuta logi (rekodi za matukio) za USDC na USDT, sarafu za kidijitali zinazofuata dola, zinatoka kama faili za Parquet, yaani majedwali ya data. Ajenti ana terminali yake.

chuma_mbeya: MCP, mjadala umefungwa. Tangu Anthropic waitoe Novemba 2024 wengi wamehamia huko. Ajenti anaona vigezo na aina zake, habahatishi.

pwani_shell: Umefungwa na nani? Mwenye terminali tayari hana haja ya seva nyingine ya kulea. Maelezo ya kila kitendo cha seva yanamjazia ajenti nafasi ya kusomea hata siku anayotaka namba ya bloku (kifungu cha miamala) tu. Andika `cryo help logs`, safu zote hizo hapo. AGENTS.md ya ukurasa mmoja inayosema "anzia hapa" inatosha. Na llms.txt, lile pendekezo la Jeremy Howard, ni kwa anayesoma tovuti. Kwani mna tovuti?

DadaData: Mnabishania chombo, kilichomo hamkigusi. Kampuni niliyokuwa zamani tulikuwa na vyote hivyo. Ajenti akaagizwa ripoti ya USDT ya wateja, Ethereum pamoja na BNB Chain. Nyaraka zilisema tu "gawanya kwa milioni". Sasa kiasi huhifadhiwa kama namba nzima isiyo na nukta: USDT ya Ethereum ina desimali 6, ya BNB Chain (blokucheni nyingine) ina 18. Mteja aliyeweka dola 50 akasomeka ana dola trilioni 50. Hiyo tulicheka, maana ilionekana wazi.

Isiyoonekana ndiyo iliyotuumiza. Wikendi moja mtoa huduma wa nodi alianza kukataa maombi kwa sababu kikomo kimefika. Skripti ikalimeza kosa, ikaandika faili tupu na kutoka na sifuri kana kwamba mambo shwari. Nyaraka zetu zilisema faili tupu maana yake hakuna muamala, basi ajenti akaripoti hivyo hivyo, kwa sentensi safi kabisa. Jumatatu mhasibu akaanza kuwapigia wateja kuwa pesa zao hazijafika. Zilikuwa zimefika! Kuna mteja alihama siku ile ile.

Kwa hiyo FundiKodi, kabla ya kuchagua faili, andika: kosa linaonekanaje, utupu unamaanisha nini, desimali za kila mkataba (programu ya sarafu kwenye blokucheni).

mzee_wa_seva: Ongeza bloku ya mwisho. Ajenti akivuta hadi "latest", yaani bloku mpya kabisa, anaweza kubeba bloku ambayo mtandao utaitupa baadaye. "finalized", yaani bloku iliyothibitishwa, iko nyuma kama dakika 13, ila inaaminika. Cryo ina `--reorg-buffer`, idadi ya bloku za mwisho za kuacha, lakini bila kuigusa ni sifuri. Pia namba kubwa cryo hukupa kwa sura kadhaa, na ajenti hukimbilia safu ya f64 (namba ya nukta, ikiwa kubwa sana hukadiria) kwa kuwa ni rahisi. Mkatazeni, achukue ya maandishi.

chuma_mbeya: Mzee, kwa USDC f64 haipotezi tarakimu mpaka dola bilioni 9. Nani anatuma hizo?

mzee_wa_seva: Kesho wataongeza DAI, sarafu nyingine ya dola yenye desimali 18. Hapo unavuka kikomo kabla ya kufika senti moja.

chuma_mbeya: Wameuliza USDC na USDT, wewe unaleta DAI.

nyota_ya_kigoma: Swali pembeni: nyaraka mtaandika Kiswahili? Wenetu wakizisoma waelewe.

pwani_shell: Msomaji ni ajenti bro. Modeli humega Kiswahili vipande vingi kuliko Kiingereza, na malipo ni kwa kipande, kwa hiyo unalipia zaidi kwa maana ile ile.

nyota_ya_kigoma: Na atakayezirekebisha ajenti akikosea ni nani? Si mtu?

DadaData: Nyota ana hoja. FundiKodi, la nodi bado hujajibu.

FundiKodi: Tunalipia kwa kila ombi. Majuzi ajenti aliomba logi kuanzia bloku 0, bili imemfikia bosi, ndiyo maana ya hii presha.

pwani_shell: Hilo ndilo ungeanza nalo! Mlazimishe apitishe `--dry` kwanza, aone mpango kabla ya kuvuta.

chuma_mbeya: Kwenye MCP kizuizi hicho unakiweka kwenye seva, hapiti. Kwenye AGENTS.md unamwomba tu.

pwani_shell: Nakiweka kwenye skripti, vilevile hapiti.

mzee_wa_seva: Au mwe na nodi yenu. Mimi natumia Reth (programu ya kuendesha nodi ya Ethereum), na NVMe, diski ya kasi, ya TB 4.

FundiKodi: Mzee, hiyo diski ulinunua wapi na kwa bei gani?