Yamaha AG 100 ya baba mkubwa: niipande ao niifunike?

Katindo_Kwetu: Wakubwa, naomba shauri. Marehemu baba mkubwa ameniachia piki AG 100, imekaa depo hapa Goma miaka mingi. Konteri inasoma kilometa 640 tu! Niitembeze ao niihifadhi? Usingizi sipati.

FundiBirere: Usipige kiki. Toa buji (plagi ya kuwasha moto), mimina mililita 10 za mafuta ya injini za mipigo miwili ndani ya silinda, acha mpaka kesho, tia gia ya tatu, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Mwaga benzini ya zamani yote, safisha karburateri. Vitundu vya jikleri, vinavyopitisha benzini, huzibwa na gundi ya benzini ya zamani. Adui mkubwa ni sili za kranki (raba zinazozuia hewa kwenye mhimili wa injini): zikikauka, injini inavuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakosa benzini ya kutosha, pistoni inakwama. Pampu ya mafuta ya injini nayo hushika hewa, kwa hiyo tanki la kwanza changanya mafuta hayo mwenyewe, mililita 20 kwa lita ya benzini.

Mama_Kivu: Watoto wa marehemu wamekubali, ao ni wewe tu na depo?

Turbo_wa_Chukudu: Chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, haina sili wala karburateri. Uza, nunua chukudu.

FundiBirere: Katindo, itafanya kazi gani?

Katindo_Kwetu: Hilo si muhimu sana.

FundiBirere: Ndilo muhimu kuliko yote.

Katindo_Kwetu: Sawa. Nimepatana na motari (dereva wa piki ya abiria) wa mtaa wa Ndosho, ataleta vesma, yaani pesa ya siku, kila jioni. Kijana mtulivu! Na rangi nyekundu nimeshanunua, sasa niitupe?

FundiBirere: Piki hii ni ya shamba. Ukiweka abiria wawili na kupanda polepole juu ya mawe ya lava, upepo haufiki kwenye silinda, joto linapanda. Motari akisahau kujaza mafuta ya injini, hakuna kingine cha kuokoa pistoni. Mtafutie piki ya TVS. Rangi ya kiwandani usiiguse. Matairi badilisha: soma namba ya tarehe ubavuni, ikiwa na tarakimu tatu, ni ya kabla ya 2000.

Mungu_Anaona: Tamaa ya vesma imeua vyombo vingi.

Jicho_la_Himbi: Ngojeni. Kwenye picha raba za kukanyagia zimeisha kabisa, na kiki inang'aa kama sahani. Kilometa 640? Hii ni hadithi ya kutunga.

Katindo_Kwetu: Nidanganye nipate nini? Konteri ndiyo inasema!

FundiBirere: Konteri inazungushwa na kebo kutoka gurudumu la mbele. Kebo ikikatika, hesabu inalala, piki inaendelea. Fungua ekzosi, mulika tochi kwenye tundu lake. Ukiona mistari inayokatana ukutani mwa silinda, haijatembea sana. Ukuta ukiwa laini kama kioo, au pistoni ina michubuko ya kusimama, imefanya kazi.

Jicho_la_Himbi: Tunangoja picha ya kebo.

Katindo_Kwetu: Kebo haipo. Pale pamefungwa kamba. Lakini rangi naweza kupaka?