Bimkubwa anatolewa kifuko cha nyongo, anataka kuona video za upasuaji. Nimuoneshe au nimzuie?

Kipepeo7:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kwa yeyote aliyepitia hili au anayefanya kazi hospitali. Mama yangu amekutwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo, ultrasaundi imeonesha vizuri kabisa, na daktari kasema atafanyiwa upasuaji wa matundu, ule wa kamera, sio wa kufungua tumbo lote. Alituelezea harakaharaka, sisi tukawa tunaitikia tu ndio daktari, ndio daktari, tulivyofika nyumbani ndo mama akaanza kuniuliza: watanilaza usingizi kabisa au nusu, matundu mangapi, na nikitolewa hicho kifuko chakula kitasagwaje. Majibu sina. Basi nikaingia YouTube. Zile za katuni nimezielewa vizuri tu, ila nikafungua zile zenyewe za ndani ya tumbo, ini linang'aa, daktari anachoma moshi unatoka, mara damu, miguu ikaniisha nguvu. Sasa mama anataka na yeye aone, anasema mwili ni wake. Nimuoneshe? Kama ndio, za aina gani? Na nitajuaje ipi ya kuaminika na ipi ya mtu anayetafuta watazamaji tu?

nesi_wa_zamu:
Pole mdogo wangu, mpe pole na mama. Nipo wodi ya upasuaji kwahiyo haya maswali nayasikia kila zamu. Muoneshe, ila anza na kitu kimoja: jiulize mama atakuwa macho wakati gani. Atakuwa macho anapobadilishwa nguo, anapowekewa kanula mkononi (kile kimrija cha kupitishia dawa na dripu), anaposukumwa na kitanda kwenda thieta, anapovalishwa maski, halafu tena anapozinduka kinywa kikavu na ana plasta tumboni. Hapo katikati amelala, haoni wala hasikii, lakini video nyingi mnazoangalia ni za hapo katikati tu! Mnajitisha na sehemu ambayo mgonjwa mwenyewe hatakuwepo kiakili. Tafuta zinazoonesha kabla na baada. Hizo ndo zinapunguza hofu kwa sababu akifika siku yenyewe hakuna mlango atakaopitia bila kuujua.

Na swali lake la chakula, nyongo inatengenezwa na ini, kifuko kinaitunza tu na kuikamua mtu akila hasa vyenye mafuta. Kikitolewa nyongo inashuka moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Watu wanaishi vizuri tu, wengine tumbo linalainika kidogo mwanzoni kisha linatulia.

MzeeKimya:
Mimi napinga kidogo. Sio kila mtu anataka kujua. Mke wangu alipofanyiwa operesheni aliniambia kabisa asioneshwe chochote na asielezwe zaidi ya lazima, na nilimheshimu, akaingia ametulia. Huyo mama kaomba mwenyewe, sawa, muoneshe. Ila wengine mnaosoma hapa msije kuwabebea wagonjwa wenu simu kitandani wakati hawajaomba.

nesi_wa_zamu:
Mzee wangu hapo nakuunga mkono kabisa. Anayeomba apewe, asiyeomba aachwe.

mwanafunzi_wa_kisu:
Naongezea upande wa hizo video za ndani ya tumbo, maana sisi tunaosomea upasuaji ndo tunazitumia. Zinatengenezwa kwa ajili yetu, sio kwa mgonjwa. Na kinachowekwa mara nyingi ni kesi ngumu, kifuko kimevimba kimegandana na vitu vingine, maana kesi rahisi haina cha kufundisha sana. Kwahiyo ukiangalia kumi mfululizo unaondoka unaamini kila upasuaji ni vita, kumbe umechaguliwa vita tupu. Halafu kamera inakuza, tone dogo la damu linajaa skrini nzima.

Kinachofanyika ni hivi dada. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kuta zinyanyuke daktari apate nafasi. Kamera inapita kwenye tundu la karibu na kitovu, vifaa vinapita kwenye mengine, kwa kawaida jumla manne, makubwa yake ni kama sentimita moja hivi. Ukiona video daktari anachambua tishu taratibu mpaka unachoka kuangalia, hapo ndo penye kazi yote. Anahakikisha vinavyoingia kwenye kifuko ni viwili tu, mrija wake na mshipa wake wa damu, kabla ya kubana klipu na kukata. Akikata mrija mkubwa wa nyongo kwa bahati mbaya ni tatizo kubwa, ndo maana hakimbii. Yule anayekwenda polepole ndo unayemtaka. Na ikitokea haoni vizuri anafungua tumbo kwa njia ya zamani, mama aelezwe mapema asije akazinduka na mshono mrefu akadhani ameharibiwa.

ganzi_kamili:
Mimi niko upande wa dawa za usingizi. Jibu la mama: ni usingizi kamili, sio nusu, na anawekewa mpira wa kupumulia akiwa ameshalala, unatolewa anapozinduka, kwahiyo koo likikereketa kidogo asishtuke. Cha pili, kwenye video nyingi utaona watu wa thieta wanamuuliza mgonjwa jina, anafanyiwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa gani. Wagonjwa wengine wanaogopa, wanasema mbona hawa hawanijui! Tunakujua. Ni utaratibu wa usalama ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuusambaza 2008, tunauliza kabla ya dawa ya usingizi, tunasimama tena kabla ya kukata, na tunahesabu vifaa kabla mgonjwa hajatoka. Kama video inaonesha hayo, muoneshe mama na umwambie ajibu kwa sauti hata akiulizwa mara tano.

Kufunga kula, kwa kawaida chakula masaa 6 na maji matupu masaa 2 kabla, ila fuateni mlivyoambiwa na hospitali yenu, sio ya kwenye video.

Bahari_Tulivu:
Nimetolewa kifuko hichohicho. Kidonda hakikunisumbua sana, kilichonishangaza ni BEGA. Nimezinduka bega la kulia linauma, nikawa najiuliza wamenidondosha au? Kumbe ni ile gesi iliyobaki inakera kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, maumivu unayasikia begani. Nesi akanishauri nitembeetembee, likaisha lenyewe baada ya muda mfupi. Katika video zote nilizoangalia hakuna hata moja iliyotaja bega. Mwambie mama kabisa.

Kipepeo7:
Nawashukuru sana, kweli hili la bega sijaliona popote. Kuna kingine. Baada ya kuangalia hizo video simu imeanza kuniletea nyingine za watu wanasema hakuna haja ya kupasuliwa, unakunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku asubuhi unatoa mawe chooni, na wanayaonesha kabisa, ya kijani. Shangazi kaziona anamshawishi mama aahirishe.

mwanafunzi_wa_kisu:
Asiahirishe kwa ajili ya hizo tafadhali. Yale mabonge ya kijani sio mawe ya nyongo, ni mafuta aliyokunywa yamegeuka kama sabuni ndani ya utumbo na kupata rangi ya nyongo. Mengi yanaelea na yanapondeka kwa kidole. Aliyetoa mabonge hayo akirudi kupiga ultrasaundi mawe yake bado yapo. Tena mafuta mengi kwa mpigo yanakifanya kifuko kijikamue kwa nguvu, jiwe linaweza kwenda kuziba mrija au kuleta matatizo ya kongosho. Shangazi muelezeni kwa heshima, ameogopa kwa upendo tu, lakini mwelezeni.

nesi_wa_zamu:
Kwenye kuchagua video mimi naangalia: nani ameiweka, ni hospitali au chuo au mtu asiyejulikana, imewekwa lini, anasema na madhara yanayoweza kutokea au anasifia tu, na mwishoni anauza kitu? Akiuza dawa chini ya video mimi nafunga. MedlinePlus, tovuti ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, wana video fupi za katuni, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, pia wanazo. Ni Kiingereza, ila zima sauti umuelezee mama wewe mwenyewe taratibu, na akikukatiza kuuliza simamisha, andika swali kwenye karatasi. Karatasi hiyo iende kwa daktari. Daktari akiona maswali yameandikwa anakaa chini.

Bahari_Tulivu:
Na kama kabla ya upasuaji atapelekwa MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, tafuta video yenye sauti halisi ya ile mashine, muache asikie ule mgongano. Mimi niliusikia kwanza kwenye simu, nilivyoingia na vile vizibo vya masikio sikushtuka.

Kipepeo7:
Nimemuonesha mama ya katuni na moja ya safari ya mgonjwa kutoka wodini mpaka kuzinduka. Ametulia kuliko mimi. Amesema ya ndani ya tumbo haitaki tena. Swali lake la mwisho, akirudi nyumbani atajuaje kuna kitu hakiko sawa?

nesi_wa_zamu:
Homa, macho au ngozi kuwa njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kuuma zaidi badala ya kupungua, kutapika kusikoisha, kidonda kutoa usaha au kuwa chekundu na moto. Moja tu kati ya hayo inatosha, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, msisubiri tarehe ya kliniki na msianze kutafuta video.