Mjadala: bakteria wa kugandisha mchanga kwenye barabara zetu za Kusini, mnakubali?

Wakuu, tangu masika kuna hoja inazunguka kwenye magrupu ya huku Mtwara, eti tuache kumwaga kifusi kila mwaka tutumie bakteria. Anaitwa Sporosarcina pasteurii, ni wa udongoni tu, unampa mbolea ya urea na chumvi ya kalsiamu kloraidi, anaivunja urea na katikati ya punje za mchanga inajengeka kalsaiti, ndo chokaa hiyo hiyo ya kwenye mawe, mpaka punje zinashikana. Sio stori za vijiweni, Waholanzi wameshaligandisha tenki kubwa la mchanga namna hiyo.

Mi naunga mkono ila sio kila mahali. Wanaotaja Somanga wananichosha, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya Dar pale kilichotakiwa ni madaraja, maji yale yangeondoka na bakteria na lori lao. Ila kingo za barabara za mchanga huko Newala, mvua ikipiga zinameguka vipande vipande mpaka mtaro unakula njia, hapo wajaribu.

Mkulima wa Tandahimba: Mkuu umepiga hesabu? Mita moja ya ujazo ya mchanga ni kama kilo 1,600, ukitaka kalsaiti asilimia 5 tu ni kilo 80, hapo umemaliza mfuko mzima wa urea wa kilo 50. Mita moja! Sisi mahindi yetu tuyawekee nini?

Fundi: Mzee huo ni ukigandisha unene wote. Kuzuia mmomonyoko unanyunyizia juu juu, sentimita chache zinatosha. Tena hata bakteria sio lazima, kimeng'enya chenyewe kinachovunja urea kimo kwenye mbegu za tikiti maji, japo urea bado utanunua. Kwenye mfinyanzi ndo msijisumbue, hawapenyi.

Dada wa Mikindani: Mbona amoniamu, ile inayobaki urea ikishavunjwa, hamuisemi? Mfuko huo huo ukivunjwa wote unaacha kama kilo 30, isiposuuzwa mvua inaishusha kwenye visima. Na maji ya kusuuzia utayatoa wapi huko juu Newala, watu wenyewe wanakinga ya mvua bado hayatoshi!

Dada hapo umenikaba. Basi wakijaribu wachague kipande kisicho na kisima jirani, na maji yapimwe kabla na baada, majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Mhandisi asiyekubali hilo arudi na madumu yake.