Naomba ushauri: shati la benchi na suti ya kuchuchumaa kwa anayeanza

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninafanya mazoezi katika jimu moja hapa Tudor, Mombasa, na hadi sasa nimenyanyua vyuma kwa mkanda, vibana magoti na bendeji za vifundo vya mikono tu. Nimeazimia kuingia katika mashindano ya kunyanyua vyuma (powerlifting) ya mavazi maalumu, yaani nguo ngumu za kubana zinazomsaidia mnyanyuaji kuinua uzani zaidi, kwa kanuni za IPF (shirikisho la kimataifa la mchezo huu), zinazoruhusu suti ya kuchuchumaa na chuma mabegani na shati la kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, vyote vya tabaka moja la kitambaa, pamoja na bendeji za magoti zisizozidi urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 8.

Bendeji hazinitatizi. Linalonitatiza hasa ni shati, kwa sababu likibana sawasawa chuma chepesi hakifiki kifuani, na mtu hulazimika kupakia uzani mkubwa kuliko aliouzoea ndipo kitambaa kikubali kushuka. Nami sina wasaidizi waliozoea kusimamia mzigo wa namna hiyo, jambo ambalo kwangu ni la usalama kabla ya kuwa la ushindi. Je, nianze na shati lililolegea kidogo, au nichukue la kipimo changu kamili? Au nitangulize suti, kama ninavyoelekea kuamini, niizoee kwanza?

Wenzangu wa Pwani, nielewesheni pia: wakati wa kaskazi, jasho linapolowesha mapaja, mnaivaaje suti ya kubana hata ipande vizuri hadi kwenye nyonga? Mnapaka poda, au mna njia nyingine?