Miaka miwili na Anki: nitaonaje kwamba maarifa yanakua?

Muuguzi_Dom: Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi, najifunza Kijerumani kwa Anki, ile programu ya kadi za maswali inayozirudisha kwa ratiba ili usisahau, mwaka wa pili sasa. Nina kadi 4,100. Kila alfajiri kabla ya zamu nakuta kadi 180 hadi 200 zinanisubiri, na namba hiyo haijashuka tangu mwaka jana. Najiona kama natwanga maji kwenye kinu. Ile kalenda ya viboksi vya rangi inaniambia tu kwamba sikuruka siku. Mimi nataka grafu inayonionyesha ninachokijua kimeongezeka kiasi gani tangu nianze. Mtihani wa lugha wa B2 (ngazi ya kati ya juu) uko miezi mitano mbele na moyo umeanza kunivunjika. Nisaidieni.

Kadi_Moja: Pole dada. Hiyo namba ya asubuhi ni mzigo wa siku, haipimi unachokijua. Ukiwa unaongeza kadi mpya kila siku, mzigo utabaki palepale hata kama kichwa kinajaa. Unaongeza ngapi?

Anki huhesabu kadi kuwa imekomaa ikipangiwa kurudi baada ya siku 21 au zaidi. Kwangu siku 21 ni chache mno kwa mtu wa miaka miwili. Fungua orodha ya kadi kwenye kompyuta, sehemu ya kutafuta andika `prop:ivl>=21`, halafu weka 90, halafu 365. Andika namba hizo tatu kwenye daftari kila tarehe mosi.

Muuguzi_Dom: Naongeza 15 kwa siku. Nimejaribu sasa hivi: 2,930, kisha 1,705, kisha 214. Kumbe kuna maneno 214 ambayo programu inaamini nitakaa nayo mwaka mzima bila kuyaona! Sikujua kabisa.

Fundi_Takwimu: Hongera, ila naomba nimpinge kidogo mkuu hapo juu. Ule muda wa kurudi unategemea kiwango cha kukumbuka ulichojiwekea. Leo ukishusha lengo kutoka asilimia 90 hadi 80, kadi zitapangwa mbali zaidi, na baada ya wiki chache hesabu ya zinazovuka siku 90 itapanda bila wewe kujifunza neno hata moja. Grafu itakudanganya.

Washa FSRS, kanuni mpya ya kupanga kadi zirudi lini, imo ndani ya Anki tangu toleo la 23.10. Hiyo hukadiria uimara wa kila kadi, yaani siku zinazopita hadi uwezekano wa kukumbuka ushuke kufika asilimia 90. Uimara haubadiliki kwa sababu umegusa lengo. Kwa hiyo tafuta `prop:s>=90` badala ya ivl; s ni uimara, ivl ni muda wa kurudi. Pia ukurasa wa takwimu utakupa makadirio ya jumla ya unachokijua: hujumlisha uwezekano wa kila kadi kukumbukwa leo. Kadi 3,000 zenye wastani wa asilimia 93 ni sawa na 2,790 zilizo kichwani.

Na miaka yako miwili haijapotea. Kila ulipobonyeza kitufe, Anki iliandika saa na muda uliopangwa baada ya hapo, kwenye jedwali linaloitwa revlog. Faili lenyewe ni SQLite, aina ya hifadhidata, kwa hiyo mtu anayejua lugha ya programu ya Python kidogo anaweza kuchora mstari wako kuanzia siku ya kwanza. Usinitumie faili lote lenye kadi zako. Jedwali hilo peke yake linatosha, nami nitakuchorea.

Mwalimu_Tanga: Mwanangu, pembeni ya grafu jirekodi dakika mbili ukieleza hali ya mgonjwa kwa Kijerumani, kila mwezi. Neno linaweza kukomaa kwenye kadi na bado likakwama mdomoni.

Muuguzi_Dom: Shikamoo mwalimu, nitaanza Jumapili. Fundi, asante sana, jedwali nakutumia kesho nikitoka zamu.

Nimefungua historia ya kadi moja, *die Überweisung*, rufaa ya mgonjwa. Siku 1, siku 4, siku 11, nikaikosa. Siku 2, siku 6, nikaikosa tena. Nakumbuka nilivyolia na hili neno, nilikuwa nalichanganya na *die Überwachung*, uangalizi wa mgonjwa, kila mara. Kisha siku 5, 16, 47, na sasa miezi minne na nusu. Jana nimelisikia kwenye zoezi la kusikiliza, na nilikuwa nimeshalielewa kabla sentensi haijaisha.

Leo nimepunguza kadi mpya hadi 8.