Pombe, miraa na kukamatwa ukiomba kibali cha usalama Marekani: tupeane uzoefu

Dagaa_wa_Ziwa: Wakuu mlioko Marekani, hasa mliopita jeshini au mnaofanya kazi za mkataba na serikali. Uraia nimepata mwaka jana, sasa kampuni imenipa kazi kwa sharti nipate kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Fomu yenyewe, SF-86, nimeifungua nikaifunga. Wanauliza dawa za kulevya miaka 7 nyuma. Bangi sijawahi. Ila Desemba nilikuwa Nairobi, binamu akaleta miraa, tukakesha nayo siku mbili. Hiyo nayo inahesabika?

Mama_Shufaa: Usiseme. Nani alikuona?

Baba_Zuu: Mama Shufaa, huo ushauri ndio ulionimaliza mimi.

Nilikuwa Texas, natoka harusini, nimekunywa bia tatu nne hivi (mke wangu anasema sita). Askari akanisimamisha, nikapuliza kipima pombe, 0.09. Mwisho wao ni 0.08. Nikalala rumande, asubuhi nikatoka kwa dhamana. Wakili akahangaika mpaka kesi ikafutwa na kumbukumbu zikafutwa. Akaniambia kwa kinywa chake, "Sasa ukiulizwa, sema hapana." Nikamwamini, maana nilimlipa hela ya kununua gari.

Miaka ikapita, nikaomba kibali. Swali la kushtakiwa kwa mambo ya pombe au dawa halina kikomo cha miaka, wanauliza kama UMEWAHI. Na maelezo yake yanasema hata kesi ikifutwa, itaje. Sikuyasoma. Nikaweka hapana.

Mpelelezi akaja, mama wa makamo, mpole kama mwalimu wa madrasa ya watoto. Tukakaa kwenye kijichumba bila dirisha. Akaniuliza safari, majirani, ndugu zangu wa Tanga mmoja mmoja. Nikalegea, hata utani nikaanza. Mara akafunga kalamu, klik. "Kuna chochote kingine cha polisi?" Hakuna. Akauliza tena, polepole. Hakuna. Akageuza karatasi iliyokuwa imelala kifudifudi muda wote ule. Tarehe, mji, kosa. Alama za vidole hazifutiki kirahisi, jamani. Jasho lilinishuka mgongoni mpaka kwenye mkanda.

Barua ya sababu za kukataliwa ilipofika, pombe ilikuwa aya moja fupi. Uongo aya tatu. Nikapewa siku 20 za kujibu. Kazi haikusubiri.

Kijukuu: Pole sana mkuu. Nimesoma mpaka tumbo limeniuma.

Mama_Shufaa: Basi na mimi nafuta kauli.

Mwana_Meru: Turudi kwa miraa. Miraa si dawa ya kulevya, ni zao. Baba yangu alisomeshwa na miraa.

Mgosi: Huku Bongo mirungi ni jela. Usitupotoshee watu.

Mwana_Meru: Nani ameongelea Bongo? Jamaa alikula Nairobi.

Mgosi: Hata Uingereza walipiga marufuku 2014.

Mwana_Meru: Uingereza ndiyo babu yako?

Kopla_Mstaafu: Tulieni. Nilikaa jeshini huku miaka 8. Jani lenyewe Wamarekani hawajaliorodhesha kwa jina, ila kathinoni, ile kemikali ya kuchangamsha iliyomo kwenye jani bichi, iko jedwali la kwanza la dawa zao zilizokatazwa, jirani na heroini. Kwa hiyo Mwana Meru anasema kweli kwa Kenya, na Mgosi asherehekee kidogo. Dagaa, itaje, na ueleze kwamba ulikula Kenya, mahali ambapo ni halali. Na usirudie. Anayekatazwa kibali kabisa kwa sheria ni mtu anayetumia sasa hivi, si aliyewahi.

Kijukuu: Nakubali. Mimi niliandika bangi ya chuoni Colorado, mara mbili. Kibali nilipata. Walichong'ang'ania ni nilivuta na nani, na kama bado naonana nao. Rafiki yangu wa chumba kimoja mpaka leo ananinunia.

Mpemba_Ughaibuni: Wenye kadi ya kijani, yaani wakaazi wa kudumu wasio raia bado, msimsikilize Kijukuu. Bangi hata kama jimbo limeihalalisha, kwa shirikisho bado ni kosa, na ukikiri unaweza kukwama kwenye uraia. Na bila uraia kibali chenyewe hakuna. Mimi niliingia jeshini na kadi, kazi zote za maana zikafungwa, nikapelekwa jikoni kukaanga mayai ya kikosi kizima.

Mgosi: Mpemba na jiko, wamekuonea kweli?

Mpemba_Ughaibuni: Mayai yalikuwa ya unga, ndugu yangu. Ya UNGA.

Mama_Shufaa: Na harusini mtu aende na dereva. Au anywe Fanta.

Baba_Zuu: Fanta ya saa nane usiku, mama?

Dagaa_wa_Ziwa: Nimeandika, wakuu. Desemba, mara mbili, Nairobi, kwa binamu. Sasa kuna kisanduku cha jina la dawa. Niweke miraa au mirungi?

Mwana_Meru: Weka "zao la biashara".